Vifaranga Walifika kwa Wakati

Mwanamke aliyepokea simu asubuhi ile hakusema hata halo.

"Nani wewe?"

"Napiga kutoka kampuni ya usafirishaji, mama. Juzi tulikuletea mzigo wa vifaranga. Nakuomba dakika mbili tu. Kuanzia moja mpaka tano, umeridhika kiasi gani na huduma ye—"

"Njoo unuse."

"Samahani, mama?"

"Nimesema njoo unuse. Ukishanusa ndiyo uniulize hayo mambo ya moja mpaka tano."

Simu ikakatwa. Mama Pacha akabaki ameishikilia sikioni kama mtu aliyezabwa kofi na asiyemjua. Miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile alishatukanwa, alishaliliwa, alishachumbiwa mara moja na mwenye duka la matairi, lakini hakuna aliyewahi kumkaribisha anuse.

Jina hilo la Mama Pacha alipachikwa na wenzake alipojifungua, likamganda mpaka walinzi wa getini wakawa hawamjui kwa jina jingine. Kampuni yenyewe haikutengeneza kitu wala haikuuza kitu. Ilibeba na kutunza vya watu: sabuni za huyu, mabati ya yule, madaftari, matairi, vifaranga. Mwenye mali alikabidhi mzigo akaenda zake kulala, kwa sababu kuna watu wamemwambia utafika. Na ili aendelee kulala, kampuni ilijipima. Ukutani kwenye korido palikuwa na skrini pana kama mlango, yenye miraba mitatu. Wa kwanza ulionyesha mizigo iliyofika kwa wakati. Wa pili, iliyofika kamili bila boksi kupungua. Wa tatu ulionyesha wateja walioridhika, na huo ndio uliokuwa wa Mama Pacha: yeye ndiye aliyewapigia simu, akawauliza, akajaza. Mraba ukiwa wa kijani, watu walipita wakipiga mluzi. Ukiwa mwekundu, walipita wakitazama viatu vyao.

Mkuu wa ofisi ya vipimo walimwita Asilimia, na hakuchukia. Ukimpa pole ya mafua, alikujibu kwamba amepona asilimia themanini. Mama Pacha alipoingia kwake, alimkuta anapangusa meza kwa kitambaa kidogo, polepole, kama anayempangusa mtoto mdomo.

"Wale vifaranga wa juzi wamekufa, bosi."

"Maboksi yalifika yote?"

"Yalifika."

"Kwa wakati?"

"Kabla ya wakati."

"Mteja alisaini?"

"Alisaini."

"Sasa mbona unanitisha asubuhi yote hii?" Asilimia akakunja kitambaa chake. "Sisi tunabeba maboksi, Mama Pacha. Kilichomo ndani ni cha mwenyewe. Ila hatuwezi kuacha lalamiko liko wazi. Wiki hii wale watu wa chanjo wanakuja."

Hilo kila mtu alilijua. Shirika linalosambaza chanjo za watoto lilikuwa linatafuta wa kulibebea mizigo, na wajumbe wake walikuwa wanakuja kuona jinsi kampuni inavyojipima. Asilimia alikuwa hali wala halali.

"Nenda kwa huyo mama," akasema. "Mbembeleze. Mpe mwavuli na kofia zetu. Mpige picha. Ukirudi, lalamiko tunalifunga."

Basi Mama Pacha akapanda gari la ofisi, mwavuli umelala mapajani, mpya, wa rangi za kampuni.

Harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji wake. Alipofungua mlango wa gari ilimwingia puani na mdomoni kwa pamoja, nzito, tamu kwa namna ya kuchukiza, kama maziwa yaliyochacha yakachanganywa na nywele zilizoungua. Nyuma ya nyumba, chini ya bati, maboksi yalikuwa yamepangwa vizuri kama yalivyoshushwa. Juu ya kila moja palikuwa na mshale na neno HAI, na pembeni yake ile stika ya kijani ya kampuni: IMEFIKA SALAMA.

Mfugaji alikuwa mwanamke mnene, mfupi, kanga kaifunga kifuani, macho yamevimba. Hakumsalimia. Alifunua boksi la juu.

"Haya. Moja mpaka tano."

Wale vifaranga hawakuonekana mmoja mmoja. Walikuwa wameyeyukiana, manyoya ya njano yameloa na kugandamana kuwa zulia moja, na juu ya zulia lile vichwa vidogo vimeelekea upande mmoja, kwenye matundu ya hewa, midomo wazi. Kona moja ya boksi ilikuwa inacheza. Mama Pacha akadhani kuna aliyesalia, akainama. Walikuwa funza. Inzi mmoja akaruka kutoka mle akatua kwenye mdomo wake wa juu, naye akajipiga kofi mwenyewe kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, akatema mate, akatema tena. Kutema hakukusaidia kitu.

"Dereva wako alinisimamia hapa hapa," mfugaji akasema. "Nikamwambia ngoja nifungue nione. Akasema, mama saini kwanza, saa inanikimbia. Nikasaini. Mjinga mimi. Hakubaki hata mmoja."

Kutoka ndani ya jiko, nyuma ya mlango uliorudishwa, kulisikika kilio chembamba: twii, twii, twii.

Wakatazamana.

"Hao wa jirani," mfugaji akasema haraka.

Mama Pacha alijua si wa jirani. Alijua mama huyu ameokoa wachache na kuwaficha ili hasara ionekane nzima, na siku nyingine angeona kinyaa kwa uongo huo. Siku ile hakuwa na kinyaa cha ziada. Akatoa mwavuli.

"Nimeagizwa nikupe huu."

Mfugaji aliutazama kana kwamba amekabidhiwa mguu wa mtu. "Wa nini?"

"Kwa ajili ya... usumbufu. Na nikupige picha."

"Nikipigwa picha nitaletewa vifaranga wengine?"

"Nitawaambia."

Kusema kwake "nitawaambia" ndiko kulikomchefua kuliko funza. Sauti ilitoka laini, ya kwenye simu, ile ile anayoitumia kila siku. Mfugaji akaufungua mwavuli akasimama chini yake, jua likimpiga usoni, akakunja macho, meno yakaonekana. Mama Pacha akabonyeza. Kisha akaenda nyuma ya gari akatapika chai yote ya asubuhi.

Hakurudi ofisini moja kwa moja. Alishuka kwenye uwanja wa malori, mahali pa kuoshea, alikomkuta dereva anayeitwa Kipara amekunja suruali mpaka magotini, anasugua sakafu ya lori kwa ufagio wa chuma. Kipara alikuwa mpambe wa mumewe siku ya harusi. Maji yaliyotiririka kutoka lorini yalikuwa ya rangi ya kinyesi, na vinyoya vilielea juu yake.

"Shemeji! Umepotea njia leo?"

"Ulipakia vifaranga kwenye lori la turubai?"

Kipara akasimamisha ufagio. "Lori la vifaranga lilikuwa gereji. Nikapewa hili. Turubai ukilifunga, shemeji, mle ndani ni tanuri."

"Si ungesimama ukafungua pembeni wapate hewa?"

"Niliomba. Nikapiga simu ofisini, nikapiga tena. Nikaambiwa nikisimama tu, kile kidude cha kufuatilia gari kinaandika, kikiandika safari inachelewa, ikichelewa mraba unageuka. Nikaambiwa twende hivyo hivyo."

"Nani alikuambia?"

Kipara akamwaga maji, akayafuata kwa macho mpaka mtaroni. "Kamuulize mtu wako."

Mtu wake alikuwa Baba Pacha, mpangaji wa safari, anayekaa ghorofa ya chini na simu mbili na ramani yenye taa. Mama Pacha akauliza jambo ambalo baadaye alitamani asingeliuliza.

"Uliwasikia?"

"Mwanzo walipiga kelele, nikafungulia redio. Baadaye wakanyamaza wenyewe."

"Ukafikiri nini?"

"Nilishukuru, shemeji. Sikufichi. Kichwa kilikuwa kinanigonga."

Jioni, alipofika nyumbani, Baba Pacha alikuwa ameketi mkekani na mapacha, anamenya chungwa. Alikuwa baba mzuri, hilo hata mama mkwe wake, mwanamke asiyesifu kitu, alikubali. Alitenganisha vipande, akavitoa mbegu kwa ncha ya ukucha, akawalisha watoto kwa zamu, huku akiwasimulia habari za lori lililokwenda haja ndogo barabarani, nao wakicheka mpaka kuanguka.

"Mbona hivyo?" akamuuliza mkewe. "Umekula nini?"

"Kipara alikuomba asimame, ukamkatalia."

Kicheko cha watoto kiliendelea kidogo, kisha kikafifia.

"Kipara ana mdomo," Baba Pacha akasema. "Ndiyo, nilimkatalia. Wiki ile tulishachelewesha mizigo miwili. Ningechelewesha wa tatu, Asilimia angeniita mbele za watu. Unamjua."

"Walikuwa hai."

"Walikuwa mzigo, mke wangu. Unafikiri nilikaa nikasema, haya leo niue kuku? Nina magari yote yale, kila moja lina shida yake, kila dereva analia. Mimi kwenye skrini yangu naona kidoa kinatembea. Kikitembea ni sawa. Kikisimama ni kesi." Akatafuta neno la kumchekesha, kama ilivyokuwa desturi yake. "Na mbona hiyo skrini ya korido wewe ndiye unayeipaka rangi? Tusibebeshane."

Alisema bila ubaya, na lilikuwa kweli. Mama Pacha alimwona akinyoosha kidole chenye maji ya chungwa kumfuta mtoto kidevu, na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amemvuta mtoto kwa mkono mmoja, kwa nguvu, mtoto akapiga ukelele.

Baba Pacha akabaki na kidole hewani. Akakitazama. Akamtazama mkewe.

"Mkono wangu una nini?"

Mkono ulikuwa safi. Siku zilizofuata aliona haya kwa ajili ya kile kitendo, na bado chakula alichokigusa mumewe hakikumshuka. Akisema ana homa ya tumbo, Baba Pacha alimletea dawa, naye akazipokea kwa ncha za vidole.

Wajumbe wa chanjo walikuja na magari mawili. Kiongozi wao alikuwa mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, asiyecheka mizaha. Asilimia alivaa suti iliyombana, akazunguka chumba cha mikutano akigawa chupa za maji, kisha akaanza. Alizungumza juu ya mnyororo wa ugavi kwa namna ambayo ungedhani ni mnyororo wa dhahabu na yeye ndiye sonara. Miraba ikapita kwenye ukuta, ya kijani yote.

"Na huyu hapa," akasema, "ni mteja aliyekuwa na lalamiko. Tulimfuata mpaka nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Tazameni mwenyewe."

Picha ikajaa ukutani. Mfugaji, mkubwa kama jengo, chini ya mwavuli wa kampuni, meno nje. Yeyote asiyejua jua lilimpiga vipi angeapa kwamba anacheka. Nyuma ya bega lake zilionekana pembe za maboksi na stika moja ya kijani. Wajumbe wawili wakatabasamu naye.

Mama Pacha alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango. Ile harufu ikamrudia, humo humo ndani ya kiyoyozi na manukato ya Asilimia, mpaka akaziba pua kwa kitambaa.

"Mzigo wake ulikuwa nini?" mkaguzi akauliza.

"Bidhaa za ufugaji," Asilimia akasema.

"Bidhaa gani?"

"Vifaranga."

"Vilivyo hai mnavipimaje?" Mkaguzi hakumtazama Asilimia tena. Alikuwa anamtazama yule mwanamke wa nyuma aliyeziba pua. "Wewe dada. Ndiye uliyempiga picha?"

"Ndiyo."

"Mnavipimaje?"

"Hatupimi," Mama Pacha akasema. "Tunahesabu maboksi. Wale walifika kwa wakati, wamekufa. Siku nilipompiga picha walikuwa na funza."

Asilimia akacheka kicheko kifupi, kikavu, akasema Mama Pacha amekuwa na matatizo ya tumbo, na kwamba hilo lilikuwa tukio la nadra sana, chini ya asilimia moja. Mkaguzi akavaa miwani yake, akaandika jambo, akaomba waendelee.

Nje, kwenye korido, hakuna aliyemsogelea Mama Pacha. Mhasibu mmoja alimpita akasema kwa chini, "Umetuchomea nyumba, dada," bila kusimama. Baba Pacha hakuwamo mkutanoni, lakini habari ilimfikia kabla ya chakula cha mchana, na jioni walirudi nyumbani kwenye gari moja, redio imefunguliwa.

Nyumba haikuungua. Shirika la chanjo lilisaini, kwa sababu wengine waliowakagua walikuwa wabovu zaidi, ila likaweka sharti: uongezwe mraba wa nne, wa hali ya mzigo, na kila lori la baridi lisafiri na kipimajoto kinachotuma namba ofisini. Asilimia akaitisha kikao. Akasema wazo hilo alikuwa nalo siku nyingi. Akampigia Mama Pacha makofi mbele za watu na kumkabidhi mraba wa nne, kisha akamnong'oneza, akimpumulia sikioni, "Unaona? Tungekufukuza, na sasa tunakupandisha."

Mraba wa nne ukawa wa kijani tangu siku ya kwanza. Ukabaki wa kijani. Mwanzoni Mama Pacha alifurahi, akaanza hata kula. Kisha namba zikaanza kumsumbua. Malori yalikwenda juani, yakapanda milima, yakakwama kwenye foleni, na kipimajoto hakikutikisika, kama mtu aliyeketi ofisini na feni. Asubuhi moja, mzigo wa chanjo ukiwa umeshapakiwa, alishuka mwenyewe uwanjani.

Akafungua mlango wa mbele wa lori. Kipimajoto kilikuwa kinaning'inia kwa kamba ya kiatu kwenye kioo cha dereva, mbele kabisa ya tundu la kiyoyozi, kikipigwa na hewa safi ya baridi. Kando yake Kipara alikuwa anakunywa chai.

"Usiniangalie mimi, shemeji," Kipara akasema. "Nilikikuta hapo. Magari yote yako hivyo."

Mama Pacha alisikia mate yakimjaa mdomoni kama siku ile ya maboksi. Alikikata kile kipimajoto kwa kuvuta, akazunguka nyuma, akawaambia wapakiaji wamfungulie. Mashine ya baridi ilikuwa inanguruma vizuri sana. Alipopanda, akakuta inapuliza hewa vuguvugu, kama pumzi ya mgonjwa. Akakitundika kipimajoto katikati ya maboksi ya chanjo, akakaa pale akikitazama kikipanda.

Baba Pacha akatoka ofisini mbio, simu imebanwa begani. Bila shaka ramani yake ilishapiga kelele.

"Nani amegusa kipimajoto cha namba sita?"

"Mimi."

"Shuka, Mama Pacha. Gari linachelewa."

"Njoo uguse hapa."

"Shuka, tafadhali. Watu wanatazama."

"Wewe ulijua vinakaa mbele?"

Akashusha simu begani. "Asilimia alisema ni kwa muda, mpaka mashine zitengenezwe."

"Hizi wanachomwa watoto," akasema. "Wanapelekwa kliniki, mama anamshika mtoto mkono, anachomwa maji. Halafu anarudi nyumbani anajua mwanawe amekingwa. Njoo uguse."

Madereva walikuwa wameshakusanyika. Wapakiaji wameacha mikokoteni. Baba Pacha akapanda, akaweka kiganja kwenye boksi, akakiacha pale. Jasho lilikuwa linamshuka shingoni. Simu yake ilikuwa inaita. Ilikuwa inaita kwa wimbo ule aliomwekea Asilimia.

Akaipokea. "Lori halitoki," akasema. Upande wa pili ukapiga kelele. Wote walisikia kelele ingawa si maneno. "Nimesema halitoki. Mashine haipoozi. Rudisheni mzigo kwenye chumba cha baridi." Akakata, akabaki ameshika simu kama kitu alichookota.

Kuna waliosema baadaye kwamba Baba Pacha ni mwanamume. Mkewe hakusema hivyo. Alikuwepo, na aliona jinsi alivyowatazama kwanza madereva, kisha wapakiaji, kisha yeye, kabla ya kufungua mdomo. Kama wasingekuwapo, hakujua angesema nini.

Siku hiyo miraba miwili ikawa myekundu. Mama Pacha alimpigia mkaguzi mwenyewe, akamweleza habari ya kamba za viatu, akajitaja kwa jina lake kamili bila kuombwa. Mashine zikatengenezwa zote, kwa sababu shirika lilitishia kuondoka. Asilimia hakufukuzwa, alihamishiwa tawi jingine, akapewa meza kubwa zaidi. Baba Pacha alipata barua ya onyo. Mama Pacha mwenyewe aliondolewa kwenye ofisi ya vipimo, akapelekwa bohari ya mizigo iliyorudishwa, ambako anavaa buti na kutenga vilivyopasuka na vilivyooza.

Hajaacha kazi na hajamwacha mumewe. Mapacha wameanza shule. Jioni Baba Pacha bado anawamenyea machungwa, na siku hizi akimaliza humkatia na mkewe kipande, akakiweka kwenye kisahani mbali kidogo, akaendelea na hadithi zake bila kumtazama. Kuna siku Mama Pacha hukila. Siku nyingine hukiacha pale mpaka kinakauka, kisha anakichukua mwenyewe na kwenda kukitupa jaani, na mumewe, aliyekwisha kuona, anawasimulia watoto kwa sauti kubwa zaidi.